Ziwa Kivu: boti ya okazio inauzwa kwa siku moja, makaratasi yake yanabaki njiani

Kwenye fukwe za ziwa Kivu, kuanzia Kituku mjini Goma hadi Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu, boti ya mbao inaweza kuuzwa asubuhi, na mchana ikawa tayari inapakia ndizi za tajiri mpya. Watu wawili wanakubaliana bei, dola zinahesabiwa mbele ya mashahidi wawili ao watatu, karatasi ya daftari inaandikwa na kutiwa sahihi, kapiteni anaambiwa kwamba tajiri amebadilika. Imekwisha. Kwa macho ya watu wa bandari, boti imepata mwenye mpya.

Kwa macho ya sheria, mara nyingi haijapata. Na tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, kisha Bukavu mwezi uliofuata, swali limekuwa gumu zaidi: hata mnunuzi anayetaka kufuata njia ya sheria, atapeleka makaratasi yake kwa nani, na kashe ya nani itakubaliwa kesho?

Jambo hili linaonekana dogo mbele ya vita. Lakini ziwa ndilo limekuwa barabara. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mapigano karibu na Sake yalipokata njia ya Goma kwenda Minova, chakula cha mji kilianza kupita kwenye maji: maharagwe, viazi, ndizi, makaa, pamoja na watu wenyewe. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa mwaka uliofuata. Anayekuwa na boti anakuwa na kazi. Na kwa kuwa boti mpya ya chuma ni ya matajiri, watu wa kawaida wananunua ile ambayo mwingine amekwisha kuitumia miaka mitano ao kumi, mara nyingi kwa pesa za likelemba ao za ndugu kadhaa waliochanga.

Merdi, na swali linalokuja baada ya ajali

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilitoka Minova ikazama ikiwa imebakiza kidogo tu kutia nanga Kituku. Gavana wa Kivu Kusini wakati huo, Jean-Jacques Purusi, alisema ilikuwa na watu 278, na kwamba watu 78 walikuwa wamekwisha kufa kwa hesabu ya siku ile. Chombo kiliripotiwa kuwa na uwezo wa kubeba abiria 80 hivi. Miaka 5 mbele yake, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe. Raisi Félix Tshisekedi alitaja watu 150 waliopotea, akafika huko, na akaamuru kila msafiri avae jile ya kuokolea.

Kila mara baada ya ajali watu wanazungumza juu ya majile, juu ya mizigo iliyozidi, juu ya safari za usiku. Ni haki kuzungumza hivyo. Lakini familia za wafu zinapofika mbele ya mwendesha mashtaka, swali la kwanza ni lingine: boti ni ya nani? Atakayelipa ni nani? Kama boti iliuzwa miezi sita kabla na mauzo hayakuandikwa popote, jina lililo kwenye kitabu cha serkali ni la mtu aliyekwisha kuchukua pesa zake na kuondoka. Yeye atasema aliuza. Mnunuzi atasema karatasi bado haijatoka. Kapiteni, ambaye pengine amekufa maji pamoja na abiria wake, hatasema kitu. Na kama kuna bima, kampuni itaangalia jina lililoandikwa kwenye mkataba, italilinganisha na jina la anayedai, na kufunga faili.

Kwa hiyo karatasi ya mwenye boti si jambo la ofisi tu. Inaamua kama mjane wa Minova atapata wa kumshtaki ao hatampata. Na kwa upande wa mnunuzi, inaamua kama chombo alichouzia shamba la baba yake ni chake kweli.

Sheria inasema nini

Mauzo yenyewe yanaongozwa na sheria ya zamani kabisa, ile amri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba. Kufuatana nayo, muuzaji na mnunuzi wakikubaliana juu ya kitu na bei, mauzo yamekamilika kati yao. Kwa vitu vinavyohamishika, kama meza, redio ao kinga, anayekishika kwa nia njema anahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, isipokuwa kama kiliibwa ao kilipotea. Hapo ndipo watu wengi wa bandari wanasimama. "Niko nayo mkononi, kwa hiyo ni yangu."

Lakini chombo cha kubeba abiria na mizigo kwa malipo hakifanani na meza. Sheria ya 14 Machi 1966 juu ya usafiri wa mito na maziwa inataka chombo kiandikishwe, kipimwe na kukaguliwa, na kiwe na hati inayoonyesha kwamba kinafaa kusafiri. Kazi hiyo inafanywa na komiseri wa majini, chini ya idara ya usafiri ya jimbo, ambayo nayo iko chini ya wizara ya usafiri huko Kinshasa. Jina la mwenye chombo linapaswa kuwa kwenye kitabu hicho. Likibaki la zamani, mnunuzi ana mkataba na muuzaji wake, lakini mbele ya watu wengine wote hana nguvu sana.

Watu wanachanganya hati mbili, na kosa hili ni la kila siku. Ruhusa ya kusafiri inasema chombo kinaweza kutoka bandarini. Haisemi kwamba anayeishika ndiye mwenye chombo. Muuzaji anayetoa ruhusa ya mwaka huu, yenye kashe nzuri, anaweza kuwa mpangaji tu, ao kapiteni, ao shemeji wa mwenye boti. Vilevile kitansi za kodi za bandari: zinaonyesha nani alilipa, si nani anamiliki.

Mbao haina namba

Ugumu mwingine unatoka kwenye boti yenyewe. Gari lina namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Boti ya mbao iliyotengenezwa na fundi wa Kalehe ao wa Idjwi haina. Inajulikana kwa jina lililopakwa rangi ubavuni, kwa urefu na upana wake, na kwa kumbukumbu ya watu. Rangi inabadilika kwa nusu siku. Boti iliyowahi kupata ajali, ao iliyokamatwa kwa deni, inaweza kurudi majini ikiwa na jina la Biblia na bendera mpya, na mnunuzi kutoka mbali hatajua kitu.

Upande wa moteri mambo ni tofauti. Moteri ya nje, ile inayofungwa nyuma ya chombo, ina namba yake ya kiwanda, na mara nyingi ndiyo yenye thamani kuliko mbao zote. Kwa hiyo boti moja ni vitu viwili kwa sheria: mwili wa chombo, na moteri. Inatokea mwili ni wa mtu mmoja na moteri ni ya mwingine aliyeikodisha. Karatasi ya mauzo inayosema tu "nimeuza boti yangu pamoja na vitu vyake" ni chanzo cha kesi. Ile inayotaja namba ya moteri, nguvu yake ya farasi, vipimo vya mwili, jina la fundi aliyetengeneza na bandari ilipokuwa ikikaa, inampa hakimu kitu cha kushika.

Fundi huyo, kwa kweli, ni shahidi ambaye watu wanamsahau. Kwa boti ya mbao isiyokuwa na karatasi ya mwanzo, tamko lake mbele ya notari kwamba aliitengeneza mwaka fulani kwa ajili ya fulani ndilo linaloweza kuanzisha mnyororo wa umiliki. Fundi akifa, mnyororo umekatika.

Nani ana haki ya kuuza?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaanguka, na vita imeongeza mitego.

Mtego wa kwanza ni wa kifamilia. Mwanamume anauza boti iliyonunuliwa ndani ya ndoa, mke wake hajui. Siku anapojua anakwenda tribinali. Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, haimruhusu bwana kufanya mali ya nyumba kama yake peke yake. Mnunuzi mwenye akili anaomba sahihi ya bibi, hata kama muuzaji anakasirika na kusema kwamba yeye ndiye mwanaume.

Mwenye boti akifa, mambo yanakuwa marefu zaidi. Sheria hiyo hiyo inaweka watoto kwenye kundi la kwanza la warithi, wale waliozaliwa nje ya ndoa na kutambuliwa pia; mjane anakuja kwenye kundi la pili pamoja na wazazi, kaka na dada za marehemu. Kwa hiyo si mjane peke yake, wala si mkubwa wa jamaa peke yake, anayeweza kuuza. Inatakiwa hati ya kifo, mkutano wa jamaa ulioandikwa, na mtu aliyechaguliwa kugawa urithi. Bila hayo, mtoto aliyekuwa Kampala wakati wa mauzo anaweza kurudi miaka mitatu baadaye na kudai sehemu yake, na mara nyingi sheria itamsikiliza.

Halafu kuna hali ya sasa. Wenye boti fulani waliondoka Goma ao Bukavu mwaka 2025, wengine wako Bujumbura, Kampala ao Kinshasa. Chombo kilibaki na kapiteni ao na ndugu. Yule anayeshika ufunguo wa moteri anaambiwa kwa simu: "Uza, nitumie pesa." Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia hakuna simu yoyote iliyopigwa. Ujumbe wa WhatsApp si prokirasio. Barua ya kumpa mwingine mamlaka ya kuuza inapaswa kupita kwa notari wa mahali mwenye mali alipo, ao kwa ubalozi wa Congo kama yuko ngambo, na itaje boti ile kwa vipimo vyake na moteri kwa namba yake. Bila hiyo, mnunuzi amelipa mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuuza.

Kuna pia deni. Congo imo katika OHADA tangu Septemba 2012, na kwa sheria za OHADA mali inaweza kuwekwa rehani huku mwenyewe akiendelea kuitumia. Rehani hiyo inaandikwa kwenye kitabu cha biashara, kile kinachojulikana kama RCCM. Boti inapita mbele ya macho ya watu kila siku, kumbe mkopeshaji ana haki juu yake. Ni wachache sana wanaokwenda kuuliza kabla ya kulipa. Wanaona ni jambo la makampuni makubwa.

Chombo kilichovuka mpaka

Si boti zote za okazio zinatoka kwa mafundi wa hapa. Kwenye ziwa Tanganyika, ambalo Congo inashiriki pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia, chombo kinaweza kununuliwa Kigoma na kuletwa Kalemie, Baraka ao Uvira. Kwenye ziwa Kivu, moteri nyingi zinapita Rwanda. Watu wengine wanafikiri kwamba kwa kuwa Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mambo ya duane yamekwisha. Hayajakwisha. Chombo kinachoingia kinapaswa kutangazwa kwa DGDA, na karatasi ya duane ndiyo hati yake ya kuzaliwa upande huu. Isipokuwepo, komiseri hawezi kuandika chombo bila kujitia hatarini, na mnunuzi wa tatu ao wa nne ndiye atakayelipia kosa la wa kwanza, kwa sababu duane inafuata kitu, haijali kimepita mikononi mwa nani.

Chombo hakiwezi pia kuandikwa katika nchi mbili. Kilichokuwa kimeandikwa Tanzania kinahitaji karatasi ya huko inayoonyesha kimefutwa kitabuni. Kuipata muuzaji akiwa bado anasubiri pesa zake ni rahisi. Kuipata baada ya kumlipa yote ni safari ya kwenda na kurudi. Na asiyekuwa nayo, siku akikutana na askari wa majini wa nchi jirani katikati ya ziwa, hawezi kuonyesha chombo ni cha wapi.

Kashe mbili

Yote hayo yalikuwa magumu kabla ya Januari 2025. Sasa kuna ugumu ambao hakuna sheria ya 1888 wala ya 1966 iliyoufikiria. AFC/M23 iliweka magavana wake Goma na Bukavu, na huduma zinazokusanya kodi na kutoa hati zikawa chini yao. Kinshasa haitambui uongozi huo. Serkali ya jimbo la Kivu Kaskazini ilihamia Beni, ile ya Kivu Kusini ikahamia Uvira, na Desemba 2025 vita vikafika Uvira pia. Mabenki ya Goma yalifungwa, na kwa hiyo njia ya kawaida ya kulipa deni za serkali, yaani kupeleka pesa kwa akaunti ya serkali na kupewa karatasi ya benki, ilikatika.

Mnunuzi wa boti ya Kituku anajikuta hivi. Akienda kwa ofisi iliyo karibu, atapata hati ambayo wakubwa wa mji wanaikubali, na boti itatoka bandarini. Lakini serkali ya Kinshasa inaweza kesho kuiita karatasi hiyo bure. Akitaka hati ya upande wa Kinshasa, afanye safari ya kwenda Beni kuandikisha chombo ambacho mkaguzi wa Beni hawezi kuja kukiona. Na akikutwa Goma na karatasi ya upande mwingine tu, anaweza kuulizwa maswali ambayo hakuna anayependa kuulizwa.

Wengi wamechagua njia ya tatu: kunyamaza. Wanaendelea kutumia hati zenye jina la mwenye zamani, zile za kabla ya vita, wakiomba tu asirudi. Kwa siku za kawaida inafaa. Lakini ni kuweka mali yote juu ya uaminifu wa mtu mmoja ambaye pengine yuko kambini na ana njaa.

Mazungumzo ya Doha, kuanzia tamko la kanuni la 19 Julai 2025, yanagusa kurudi kwa mamlaka ya serkali katika maeneo hayo. Watu wanasoma neno hilo wakifikiria bendera, polisi na magavana. Ndani yake kuna pia maelfu ya karatasi ndogo: mauzo ya mashamba, vyeti vya kuzaliwa, vibali, na hati za vyombo. Zikifutwa zote kwa neno moja, wanaoumia si waliozitoa bali walioziomba. Zikikubaliwa zote bila kuangaliwa, mali iliyonyanganywa wakati wa vita itakuwa imesafishwa. Nchi nyingine zilizopita katika hali kama hiyo zililazimika kupima karatasi moja moja, na hapa kazi hiyo ingepaswa kutayarishwa mapema, maana kila mwezi unaopita unaongeza wanunuzi wapya juu ya wale wa zamani.

Kwa nini watu wanakwepa ofisi

Kusema wanunuzi ni wavivu ao wajinga ni kuwaonea. Kwenye maji, karatasi imekuwa sura nyingine ya kodi. Anayeandikisha boti yake anajulikana, na anayejulikana anatembelewa: na watu wa jimbo, wa mji, wa bandari, wa mazingira, wa usalama, kila mmoja na kitabu chake cha kitansi. Sheria mbili za 13 Machi 2018 ziligawa kodi na malipo kati ya serkali kuu, majimbo na miji ao vijiji, ili watu wasilipishwe mara mbili. Bandarini ugawaji huo hauonekani. Na ofisi ile ile inayopaswa kukagua kama mbao zimeoza ndiyo inayosubiri pesa ili boti itoke. Ni vigumu kwa mkaguzi kusimamisha chombo ambacho kusimama kwake kunapunguza mapato ya siku.

Kama uandikishaji ungekuwa na bei moja iliyobandikwa ukutani, na faida moja inayoonekana, kwa mfano kwamba aliyeandikishwa ndiye pekee anayelipwa na bima ao anayepewa mkopo, watu wangeenda wenyewe. Kwa sasa faida inaonekana siku ya ajali tu, na hakuna anayenunua boti akifikiria ajali.

Wanaotaka kujilinda katika hali hii wanafanya kile kinachowezekana. Wanaandika mauzo kwa nakala kadhaa, na kila mtu anaandika namba ya karte yake ya mchaguzi. Bibi wa muuzaji anatia sahihi, fundi pia, na mkubwa wa chama cha wenye boti. Wanapeleka karatasi kwa notari aliye karibu, wakijua kwamba hata kashe ikibishaniwa, tarehe na sahihi za watu hazifutiki kwa urahisi. Wanachukua hati zote za zamani kwa asili yake, si kwa nakala. Wanabakiza sehemu ya pesa hadi jina libadilike kitabuni, jambo ambalo muuzaji mkweli analikubali na ambalo tapeli analikataa haraka. Na moteri inapigwa picha, namba ikionekana, mbele ya muuzaji aliyesimama kando yake, kisha picha inatumwa kwa ndugu aliye mbali na ziwa, kwa sababu simu pia zinazama.